Msiniulize Kama Watoto Wamezoea

Kila nikipiga simu Tanga, swali ni lilelile. Mjomba akishamaliza kulalamikia bei ya mchele na shangazi akishaagiza dawa ya magoti, lazima mmoja wao aulize: "Na watoto je, wameshazoea shule za huko?" Jibu linalotakiwa ni "ndiyo", tena la haraka, maana bado kuna habari za harusi ya binamu hazijazungumzwa. Ukithubutu kusema "bado", unasikia watu wanaguna. Kisha anatokea mmoja kukukumbusha kwamba wao walisoma wamekaa chini, darasa moja limefurika, chaki inagawanywa vipande. Sasa huyu wa Marekani, mwenye kiti chake na kompyuta yake, anayefuatwa na basi la njano karibu na mlango, anasumbuliwa na nini hasa?

Leo najibu kwa maandishi, nisiulizwe tena.

Tuanze na ofisi ya usajili, kwa sababu mateso huanzia pale, kabla mtoto hajauona hata ubao. Sisi tunaishi Columbus, Ohio, mji wenye Wasomali wengi, Wakongo wa kutosha, na sisi Watanzania wachache ambao kila mtu anadhani ni Wakenya. Fomu ya shule ina nafasi ya jina la kwanza na jina la ukoo. Mtu wa pwani ana jina lake, la baba na la babu. La ukoo ni lipi hapo? Karani anasubiri, foleni nyuma inakohoa, na wewe unatakiwa uamue pale pale kama babu ndiye ukoo au ukoo ni baba.

Ya jirani yangu Mkongo ni makubwa zaidi. Ana watoto wanne na kila mmoja ana jina lake la mwisho, kama ilivyo kawaida kwa familia nyingi za kwao. Karani akamuuliza mama, kwa adabu zote za Kimarekani, kama watoto hao baba yao ni mmoja. Baba mwenyewe amesimama hapo hapo, kashika kofia. Halafu zikaja tarehe za kuzaliwa. Familia hiyo ilitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mkimbizi asiye na cheti cha kuzaliwa huandikiwa mwaka, na siku inawekwa Januari 1, mambo yaishe. Basi baba Januari 1, mama Januari 1, watoto Januari 1. Karani akawapongeza.

Wangu ana tarehe halisi na bado hakusalimika. Amezaliwa tarehe 3 mwezi wa nane. Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo kompyuta ikamsoma ni wa Machi 8, ikamuongezea karibu miezi mitano ya umri. Tulipolalamika tukaambiwa mfumo ndivyo unavyosema. Mama watoto akajibu kwamba siku hiyo yeye alikuwa leba, na mfumo hakuuona pale.

Kwenye fomu hiyohiyo kuna swali la mtego: nyumbani mnazungumza lugha gani? Msikitini na kanisani wazazi wanalijadili swali hili kuliko siasa za Washington. Ukiandika Kiswahili, mtoto anapimwa Kiingereza, na akionekana kupungukiwa anaingizwa kwenye masomo ya lugha. Kuanzia hapo, kwa mujibu wa sheria ya elimu ya mwaka 2015, atapimwa kila mwaka kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, mpaka afuzu. Ukiandika Kiingereza ili kukwepa usumbufu, anaachwa darasani ajijue. Wapo wazazi wanaona masomo hayo ni fedheha. Watagombana na wake zao kwa Kiswahili usiku kucha, asubuhi wanajaza kwamba lugha ya nyumbani ni Kiingereza. Mtoto anakaa darasani akitikisa kichwa kwa kila asemacho mwalimu, na mwalimu anaandika kwamba ni msikivu.

Kijana wangu alitoka Tanga akiwa kidato cha pili. Mnajua utaratibu wetu: shule ya msingi Kiswahili, ukiingia sekondari ghafla kila somo linabadilika kuwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Kwa hiyo alikuja na Kiingereza chake, Kiingereza cha daftari. Aliweza kueleza jinsi mmea unavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, hatua kwa hatua, neno kwa neno, vilevile kama ilivyokuwa ubaoni. Mama wa kantini alipomuuliza anataka maziwa gani, akabaki anamtazama mdomoni. Habari za mmea hakuulizwa na mtu.

Alikuwa tayari ameanza Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja kwa daftari lake. Hapa sayansi hizo mara nyingi zinasomwa moja kwa mwaka. Mshauri wa masomo akaishika ripoti yake, akaigeuza mbele na nyuma, akaukagua mhuri, akauliza kila somo lilisomwa kwa saa ngapi. Nani Tanga anahesabu saa? Tunahesabu vipindi, tena kama mwalimu amekuja. Ohio inataka mwanafunzi akusanye kredi 20 ndipo ahitimu. Kijana akaanzishwa darasa la tisa na sifuri mkononi, na kile alichokisoma kwao kikabaki kuwa siri yake na mhuri wa mkuu wa shule.

Kuna mambo hayaandikwi kwenye fomu yoyote. Kwetu darasa ni makao: mwanafunzi anakaa, walimu wanapishana mlangoni. Hapa mwalimu ndiye mwenye chumba na wanafunzi ndio wanaohama. Kengele ya kwanza ilipolia, wenzake wote wakabeba mikoba wakatoka mbio. Yeye akatulia kwenye kiti chake kumsubiri mwalimu wa kipindi kinachofuata. Akaingia mwalimu kweli, na kundi jingine la wanafunzi, akawa amesoma somo lisilo lake na watu asiowajua. Kwa heshima aliyofundishwa, hakuuliza. Jioni nikapigiwa simu na mashine kuambiwa mwanangu ametoroka kipindi. Ametorokaje mtu ambaye hakuinuka?

Mwalimu mkuu alipopita mlangoni, kijana akasimama wima kumwamkia. Akasimama peke yake. Wenzake walikuwa wamejinyoosha, mmoja anatafuna, mwingine kavaa kofia ya sweta mpaka machoni. Mdogo wake wa kike naye alirudi siku ya kwanza akiwa na wasiwasi kwamba hakuonyeshwa fagio wala zamu yake ya usafi, na kwamba darasa zima halina kiranja. Alitaka kujua wapiga kelele wanaandikwa na nani.

Kabati la chuma la kuwekea vitabu nalo lina kufuli ya kuzungusha. Unazungusha kulia, kisha kushoto mpaka uipite namba ya kwanza, kisha kulia tena, na ukipitiliza hata kidogo unaanza upya. Kati ya kipindi na kipindi kuna dakika chache tu za kuhama. Kijana wa Tanga, aliyezoea daftari lake kulala kwenye mfuko wa suruali, akaamua kubeba vitabu vyote mgongoni kutwa nzima. Mwalimu wa michezo akamsifu kwa kujenga mwili.

Hisabati ndiyo ingekuwa fahari yetu, maana namba hazina lafudhi. Kumbe zina. Mtoto anajua mita, kilo na lita, anazigawanya kwa kumi macho yamefumba. Hapa akapewa inchi 12 kwa futi, futi 3 kwa yadi, futi 5,280 kwa maili, na wakia 16 kwa ratili. Mwaka 1975 nchi hii ilipitisha sheria ya kuhamia kwenye mita na kilo, ila ikasema kuhama ni hiari. Mnajua watu na hiari. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu akapata swali la urefu wa uzio kwa futi, akakokotoa sawasawa kwa mita, akakosa. Hali ya hewa nayo ina mizani yake: asubuhi moja alisoma kwenye simu nyuzi 32, akavaa fulana akatoka zake. Nyuzi 32 za Tanga ni siku ya kununua dafu. Za huku ndipo maji yanapoganda.

Sasa njooni mezani. Serikali ya Marekani imekuwa na mpango wa chakula cha mchana shuleni tangu mwaka 1946, na kwa hilo siwezi kuwasema vibaya, kwani nimesoma shule ambayo mchana ulikuwa uji, na uji wenyewe ulikuwa wa msimu. Lakini mtoto wa Kiislamu anasimama mbele ya piza iliyotandazwa vipande vyekundu vya nyama, hajui kuuliza ni ya mnyama gani, na foleni inamsukuma. Akala tufaha na maziwa. Kesho tufaha na maziwa. Kanuni zao zinamtaka kila mtoto achukue tunda au mboga ndipo sahani yake ihesabike ni mlo, kwa hiyo wenzake wanachukua tufaha na kulipeleka moja kwa moja kwenye pipa la taka. Mtoto aliyekulia mahali ambapo tufaha linasafiri kutoka Afrika Kusini na kununuliwa kwa ajili ya mgonjwa, anatazama pipa limejaa matufaha mazima. Hakuna somo la uraia lililomchanganya kuliko hilo.

Jirani yangu akasema yeye hataki hayo, atamfungia mwanawe chakula cha nyumbani. Akaweka wali na sombe iliyoungwa karanga, kisahani kikafungwa vizuri. Mtoto akakifungua kwenye meza ya wasiokula karanga. Walimu wakaja mbio, meza ikafutwa, mikono ikaoshwa, nyumbani ikapigwa simu. Ni kweli, kuna watoto ambao karanga kidogo tu inawaziba koo, na wanatembea na sindano ya kuwaokoa. Jambo hilo ni zito na sifanyi nalo mzaha. Ninachouliza ni kwa nini mama hakuelezwa mapema kwa lugha anayoielewa. Barua ipo, walimwonyesha. Ilikuwa ukurasa wa katikati wa kijitabu kizito cha Kiingereza, baada ya kanuni za mavazi.

Kijana akatafuta marafiki. Swali la kwanza aliloulizwa ni kama nyumbani kwao kulikuwa na simba. Simba pekee anayemjua ni Simba Sports Club, na huyo naye hampendi, yeye ni Yanga. Akajibu ukweli, wenzake wakaondoka. Wiki iliyofuata aliulizwa tena na wengine, akasema ndiyo, walikuwa naye, tena analala uani. Siku hiyo alikula mchana na watu watano. Mnaniambia nimchape kwa uongo? Nami nauliza: Jiografia ya shule ile inafundisha nini?

Halafu kuna suala la macho. Mwalimu alikuwa anamsema kwa kuchelewa, naye akainamisha uso, kama tulivyomlea. Mwalimu akaandika kwamba mtoto hajali, hata kumtazama mtu anayeongea naye hataki. Tukaitwa. Mtoto akaelekezwa amkazie macho mtu mzima anaposemwa, hiyo ndiyo adabu. Jumamosi nikawa namsema kwa kuacha vyombo vichafu. Akainua uso, akanikodolea macho bila kupepesa. Mama watoto akadhani ameingiwa na jambo, akaanza kusoma dua. Kwa hiyo mtoto huyu anasemwa siku tano kwa kutotazama na siku mbili kwa kutazama, halafu mnauliza kama amezoea.

Sherehe zao sasa. Ilikuja barua kwamba Ijumaa watoto waje wamevaa nguo za kulalia. Nikaisoma mara mbili, nikaenda kumuuliza jirani. Ni kweli, kuna siku ya kwenda shule na pajama, na mwalimu mwenyewe anavaa. Binti akaenda, akapigwa picha, picha ikafika Tanga. Bibi akapiga simu usiku wake kuuliza kama nyumba imeungua. Mwezi Februari ikaja ya siku ya mia tangu shule ifunguliwe, ambapo wadogo huvaa kama wazee wa miaka mia. Binti akapakwa unga kwenye nywele, akapewa mkongojo na shali, akainama mgongo. Picha nayo ikaenda Tanga. Bibi hakupiga. Nilipopiga mimi, akaniuliza kwa upole kama hizo ndizo ada tunazolipa, mtoto afundishwe kumwigiza yeye. Nikamwambia shule ni bure. Akasema ndiyo maana.

Bibi huyo huyo na babu ndio walioomboleza siku ya matokeo. Hapa wastani wa juu wa kawaida ni 4, yaani mtoto kapata A kila somo. Kwetu kidato cha nne daraja la kwanza ndilo la kutambia, na la nne ni la kusemea chini. Kijana, baada ya jasho la miaka miwili, akapata 4 kamili. Akampigia babu yake mwenyewe, sauti imejaa furaha: "Babu, nimepata nne!" Babu akanyamaza, akavuta pumzi, akamwambia asikate tamaa, kuna vyuo vya ufundi.

Simu za alfajiri nazo nimezichoka. Theluji ikizidi, shule inafungwa, na mashine inawapigia wazazi kabla ya adhana. Nyumba ya Mswahili ikipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri, kuna aliyefariki. Mama watoto anaamka kajishika kichwa, anauliza ni nani, tunasikiliza sauti ya mashine ikisema kwa uchangamfu kwamba leo hakuna shule. Mimi nimetoka zamu ya usiku, nimebeba maboksi mpaka mgongo umelia, na kutwa nzima nitashinda na watoto wanaotaka kujenga mtu wa theluji.

Lakini kama kuna jambo moja ningependa lieleweke, ni hili la kumgeuza mtoto mkalimani. Mtoto hujifunza Kiingereza haraka kuliko wazazi wake. Kabla hajamaliza mwaka anakuwa msemaji wa nyumba: anasoma barua za umeme, anaongea na daktari, anakaa benki kumwelezea mama yake mkopo. Mwanafunzi huyu ana kazi ya shule na kazi ya ofisi. Na shuleni ndiko mambo yanapoharibika. Jirani yangu alikwenda kwenye mkutano wa mzazi na mwalimu, mkalimani akiwa mwanawe mwenyewe. Mwalimu alizungumza kwa muda mrefu, uso umekunjamana, akionyesha orodha ya kazi ambazo hazikuletwa. Kijana akamgeukia mama: "Anasema ninaendelea vizuri, na ananishauri ninunuliwe simu nzuri kwa ajili ya masomo." Mama akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu akafarijika kuona mzazi amelipokea jambo kwa uzito wake. Nililijua hilo jirani alipokuja kuniuliza simu aina gani inafaa kwa masomo.

Simlaumu kijana. Nawalaumu watu wazima wawili waliokaa mezani wakampa mtuhumiwa kazi ya karani wa mahakama.

Nchi hii yenyewe ilishaambiwa. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyotokana na wanafunzi wapatao 1,800 wa asili ya Kichina huko San Francisco ambao walikuwa wakikaa darasani bila msaada wa lugha. Majaji walisema kuwapa wote jengo lilelile, vitabu vilevile na walimu walewale si usawa, ikiwa mtoto haelewi kinachosemwa. Mwaka 1982 mahakama hiyohiyo, kwenye kesi ya Plyler iliyotoka Texas, ikasema mtoto hawezi kufungiwa mlango wa shule ya umma kwa sababu hana karatasi za uhamiaji. Hukumu zipo. Kinachokosekana ni mzazi anayezijua, na ofisi isiyosubiri mpaka akumbushwe.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Tanga, jibu ni kwamba watoto wanasoma shule mbili kwa wakati mmoja. Moja ni ya Hisabati na Sayansi. Nyingine ni ya kujua kengele ina maana gani, macho yaelekee wapi, meza ipi ina karanga na lini uvae pajama. Ya kwanza ina mtihani na alama. Ya pili haina mwalimu wala ripoti, na ndiyo inayowachosha. Akipata 4 huku anasoma zote mbili, mpeni pongezi za daraja la kwanza.

Na wewe unayejiandaa kuja na watoto, nisikilize. Beba ripoti za shule za miaka yote, zenye mhuri unaosomeka, pamoja na muhtasari wa masomo kama unaupata. Beba kadi ya chanjo, la sivyo mtoto atachomwa upya. Andika mwezi kwa herufi, si kwa namba. Amueni jina la ukoo mkiwa bado nyumbani, na liwe moja kwenye pasipoti na vyeti vyote. Kwenye swali la lugha andika Kiswahili bila aibu. Kama una kijana wa miaka 18 au 19 na mtu akakwambia amepitwa na shule, kumbuka kwamba Ohio inasomesha bure mpaka kabla ya kutimiza miaka 22, kwa hiyo uliza sheria ya jimbo lako kabla hujampeleka kiwandani. Na mkutano wa wazazi ukifika, nenda mwenyewe, omba mkalimani mtu mzima siku kadhaa kabla, na usikubali kuanza mpaka aje au apatikane kwenye simu. Mtoto mwache nyumbani amalizie zile kazi ambazo hakupeleka.